Shahidi wa Kwanza

Baba yake Mwalimu alifariki siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye benchi la tatu la ukumbi wa ofisi ya jiji. Alikuwa ametoka tu kukabidhi fomu ya ndoa ya binti yake. Stakabadhi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imepigwa muhuri wa saa tatu na dakika arobaini. Watu wa foleni walidhani amesinzia, wakawa wanapita mbele yake kwa adabu, mpaka mfagiaji alipomwomba ainue miguu.

Alikuwa amefanya kazi ya kutunza mafaili katika masjala ya ofisi hiyohiyo kwa miaka thelathini na mmoja, na hata baada ya kustaafu watu walimwita Mzee Masjala. Fomu ile aliijaza mwenyewe. Binti yake ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wake hauna kasoro, lakini baba alimpokonya kalamu.

"Utakuja kukatakata maneno, mama," alimwambia. "Fomu iliyokatwa neno moja ni ya kufungia vitumbua."

Akatumia wino wa chupa, ule usiofutika. Palipoandikwa "shahidi wa kwanza" akajaza jina lake, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Sherehe yenyewe ilikuwa ndogo. Mwalimu na mchumba wake, ambaye ni muuguzi, walitaka chumba namba kumi na mbili, robo saa, viti kumi, Ijumaa saa tano. Baada ya hapo keki kwa shangazi na kila mtu aende zake. Haraka ilitokana na uhamisho. Muuguzi alikuwa amepangiwa hospitali iliyo mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi, na alitakiwa kuripoti Jumatatu inayofuata. Mwalimu angeweza kuhamishiwa huko kumfuata mume, ila maombi ya walimu hupokelewa mara moja tu kwa mwaka, na lazima yaambatane na cheti cha ndoa. Bila cheti, yeye angebaki huku na mwenzake kule.

Siku kumi na mbili baada ya mazishi, ikiwa imebaki wiki moja kabla ya Ijumaa ile, Mwalimu alikwenda dirisha la nne na cheti cha kifo ili shahidi wa kwanza abadilishwe awe shangazi. Alimkuta baba yake amekaa kwenye benchi la tatu. Alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo. Pamba za puani alikuwa amezitoa na kuzitia mfukoni, maana hakupenda mtu aonekane ovyo ofisini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umebeba nakala?"

"Ya cheti chako?"

"Nakala mbili. Watakudai mbili."

Alikuwa nayo moja. Akatoka nje kwenda kutoa nyingine, akarudi, akapanga foleni. Baba akasogea naye benchi kwa benchi.

Dirisha la nne hukaa mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya upole ambaye kila mtu humwita Mama Dirisha. Aliposoma cheti cha kifo alitikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akachungulia nyuma ya Mwalimu.

"Mzee, pole sana. Tulisikia umefariki."

"Asante, nimeshapoa," alisema baba.

"Sasa, binti yangu," Mama Dirisha akamgeukia Mwalimu, "hapa unataka niandike kwamba shahidi hayupo. Na shahidi huyu hapa, amenisalimia."

"Basi aachwe awe shahidi mwenyewe," alisema Mwalimu.

"Hilo ndilo jema. Mzee, nipe kitambulisho."

Kitambulisho kilikuwa kimekatwa kona na dirisha la tisa, linaloandikisha vifo, siku Mwalimu alipochukua cheti. Mama Dirisha alikigeuza huku na huku, akaingiza namba kwenye kompyuta, akangoja.

"Mimi namwona," alisema. "Mfumo haumwoni."

Wakaenda dirisha la tisa wote wawili. Kijana wa pale aliwasikiliza vizuri. Alisema kufuta kifo si jambo gumu, ni barua tu ya daktari au muuguzi inayosema mhusika yu hai. Muuguzi akaomba ruhusa kazini, akaja na kipimo cha presha, akamfunga baba mkwe mkono pale kwenye benchi. Kipimo kilivimba, kikatoa hewa, hakikuandika kitu. Akajaribu mkono wa pili.

"Usilazimishe, mwanangu," alisema baba. "Andika unachokiona."

Muuguzi hakuandika. Alikunja mpira wake akaurudisha kwenye mkoba, na kwa muda alionekana kama mtu aliyetafuna mchanga.

Jumatatu na Jumanne zikaenda hivyo. Mwalimu alikuwa anafundisha mpaka saa sita, kisha anakimbilia ofisini kabla ya saa tisa na nusu, madirisha yanapofungwa. Baba alikuwepo kila siku tangu saa mbili kamili. Madirisha yakifungwa, haonekani tena. Nyumbani hakufika hata mara moja. Kiti chake kilibaki kimeelekezwa dirishani alivyokiacha, na miwani yake juu ya redio. Mwalimu alimuuliza anakwenda wapi jioni.

"Hayo ni nje ya saa za kazi," alisema baba.

Alitaka kumuuliza mengine. Alitaka kujua kama aliumwa siku ile, kama alimwita mtu. Lakini kila akifungua mdomo, baba alikuwa amekwisha kumuuliza kama stakabadhi ameitunza mahali pakavu.

Jumatano shangazi alikuja kwa hasira na kofia ya harusi kichwani, ameileta ili aonyeshe kwamba yeye yuko tayari kitambo. Alisimama mbele ya kaka yake akashika kiuno.

"Wewe tangu utotoni hujui kuondoka mahali! Mgeni anaaga, wewe bado unatafuta viatu!"

"Mbona hujambo," alisema baba. "Kofia imekukaa."

"Usinipake mafuta. Unamharibia mtoto."

"Nimekuja kumsaidia. Jina langu ndilo lililo kwenye fomu."

Mama Dirisha, aliyekuwa anasikia yote, alimwita Mwalimu kwa kidole na kusogeza mdomo kwenye tundu la kioo.

"Mimi nakuonea huruma. Nikwambie ukweli? Akiondoka tu humu ofisini, nampiga shangazi yako muhuri leo hii, Ijumaa unaolewa. Dakika tano. Lakini siwezi kumwandika marehemu mtu ninayemtazama."

Muuguzi alisema, "Mwambie wewe. Ni baba yako." Halafu akasema, "Samahani." Halafu akaenda kusimama karibu na mlango.

Mwalimu alikaa kwenye benchi la tatu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Alimtazama baba yake mikono: kucha zilikuwa safi, na kidole cha kati kilikuwa bado na doa la wino wa ile fomu. Waliomwosha hawakuweza kulitoa.

"Baba, nataka nikuombe uende."

Baba alinyoosha mikunjo ya koti. Hakukasirika.

"Ni sawa," alisema. "Nimekuelewa. Lakini mtu haondoki ofisini kwa maneno ya mdomo, mama. Niandikie barua."

Mwalimu alitoa karatasi kwenye daftari la maandalio ya masomo, akaandika juu ya goti. Aliandika kwamba anamwomba baba yake mzazi aondoke ili yeye apate kuolewa. Baba alikuwa anasoma begani kwake.

"Kichwa cha habari kiwe kwa herufi kubwa."

Akaandika: OMBI LA KUONDOKA.

"Toa sababu. Usiache hewani."

Akaandika sababu. Mistari miwili ya mwisho ilimtoka imepinda, na mahali pamoja karatasi ililowa, lakini hakukata neno.

"Vizuri," alisema baba. "Mwandiko wako ni mzuri kuliko nilivyodhani."

Akaichukua barua mwenyewe, akapanda nayo ngazi hadi masjala, akasubiri ipigwe muhuri wa kupokelewa. Alirudi akiwa ameridhika. Barua imepokelewa, alisema, imepewa namba, imepelekwa mezani kwa mkuu wa idara. Mkuu akiweka sahihi, yeye ataondoka saa hiyohiyo.

Mkuu alikuwa kwenye semina hadi Jumatatu.

"Nenda tu, baba," alisema Mwalimu. "Mkuu ataikuta barua."

"Nimefanya kazi humu miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kutoka bila ruhusa."

Ijumaa saa tano, chumba namba kumi na mbili kilikuwa na viti kumi vitupu. Robo saa ikapita, wakaingia wengine waliopangiwa saa tano na robo. Shangazi alivua kofia. Muuguzi alisafiri Jumamosi na begi moja, na maombi ya walimu yakafungwa mwisho wa mwezi.

Mkuu alirudi Jumatatu kama ilivyosemwa. Ana barua nyingi. Ile ya Mwalimu iko mezani kwake, ya nne kutoka juu, na wiki nyingine ya saba. Kila Alhamisi, baada ya kipindi cha sita, Mwalimu hupanda ngazi kuiulizia. Siku hizi huuliza kwa sauti ya chini, na hasubiri sana jibu. Kisha hushuka na kukaa na baba yake kwenye benchi la tatu mpaka saa tisa na nusu.