Kochi la Mama Jackline

Tangu Gadiel astaafu udereva wa watalii, maneno yalimwisha. Asubuhi mkewe, Simaloi, alimwuliza kama chai imekolea sukari, naye akaguna. Mchana alimwuliza kama mvua itanyesha, akaguna vilevile. Jioni Gadiel alivuta kigoda chake uani, pale kwao Olasiti, akautazama Mlima Meru mpaka giza liumeze. Majirani walimsifu kwa utulivu. Simaloi aliona ugonjwa, na ugonjwa wenyewe aliufahamu vizuri, maana alikuwa ameuona kwenye filamu.

Filamu alikuwa akijaziwa kwenye flashi mjini, zile za Wazungu ambazo DJ huzitafsiri kwa Kiswahili juu kwa juu. Siku hizo alizama kwenye za watu walioumia moyoni wakaenda kwa daktari wa mawazo. Mgonjwa hulala kwenye kochi. Daktari huvaa miwani, hukunja nne, humrudisha utotoni. Mgonjwa hukataa, huvunja kitu cha thamani, hulia, muziki hupanda, mtu kapona. Tatizo ni kwamba DJ hakuweza kuvumilia kimya. Daktari akitulia kumsubiri mgonjwa, DJ alijaza pengo kwa akili zake: "Sasa hapa mama anamwambia, wee kijana, sema ukweli, nani amekuroga?" Simaloi aliamini hayo ndiyo maswali ya kitaalamu.

Basi Jumamosi moja, baada ya mumewe kumaliza bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, alitoa vitambaa vyote vya kufuma kwenye kochi, akavaa miwani yake ya kusomea Biblia, akamwambia alale chali. Gadiel akatii.

"Baba Jackline, turudi utotoni."

Gadiel alifikiri sana, akasema utotoni alikuwa akichunga mbuzi.

"Na hao mbuzi walikufanya nini?"

"Walikula."

Simaloi alikunja nne upande wa pili, akauliza nani amemroga. Jibu lilikuwa mkoromo.

Mara ya pili alijiandaa zaidi. Aliweka pembeni chupa ya chai iliyokatika mpini, ili hasira zikipanda mgonjwa apate cha kuvunja bila kuitia nyumba hasara. Gadiel aliigeuzageuza, akainuka kutafuta waya, akaufunga mpini ukakaza, akarudi kulala. Ikabaki kumliza. Simaloi alifungulia kwaya kwenye simu, akaketi karibu na kichwa cha mumewe, akakata vitunguu. Alilia yeye, machozi mpaka kwenye kanga. Gadiel alifumbua jicho moja, akauliza kinapikwa nini, akalifumba.

Jackline, binti yao anayeishi Njiro, aliwakuta katika hali hiyo: baba anakoroma, mama analia, kwaya inaimba, sebule nzima inanuka vitunguu. Alipoelezwa kwamba hiyo ni tiba, alikaa chini kwanza. Kisha akawaambia kuna mshauri nasaha wa kweli, anaitwa Elizabeth, na kwamba wiki ijayo watakwenda wote.

Simaloi alikata tamaa tangu mlangoni. Hapakuwa na kochi, palikuwa na viti vya plastiki. Elizabeth mwenyewe hakuvaa miwani; aliyeivaa ni Simaloi. Aliwaamkia shikamoo kama binti yeyote, akamwuliza mzee maswali ambayo hata muuza duka angeuliza: analala vipi, anakula vipi, kazini alikuwa akipenda nini. Hapo Gadiel akanyamaza. Ajabu, Elizabeth naye akanyamaza.

Simaloi alisubiri, akashindwa. Alifungua kinywa aulizie mambo ya kurogwa.

"Tumsubiri, mama," Elizabeth akasema taratibu.

Wakasubiri. Kiti cha Gadiel kililia, naye akasema, akitazama viatu vyake: "Nilikuwa nasema kutwa nzima. Kushoto kwenu twiga, kulia kwenu nyati. Watu wazima wanasimama ndani ya gari wanashangaa. Sasa nyumbani nimwonyeshe nani, nini? Mama Jackline anajua kila kitu."

Elizabeth alimgeukia Simaloi, akamwuliza kama amewahi kumwona twiga. Simaloi alisema ndiyo, kwenye kalenda. Akasikia maneno yake mwenyewe, akavua miwani. Maisha yote ya ndoa, mumewe aliwapeleka wageni porini, akamrudishia yeye vumbi la kufua. Hakuna kati yao aliyewahi kuona hilo ni jambo.

Elizabeth alimwambia mzee aendelee kuja, kwa kuwa mazungumzo hayakuwa yamekwisha. Lakini Jumapili, baada ya ibada, Jackline aliwapakia kwenye gari lake dogo, wakaelekea hifadhini, upande wa Momella. Gadiel alianza kusema kabla hawajapita geti. Alieleza mavi ya tembo kwa undani ambao Simaloi, akiwa na nguo za kanisani, asingeuomba.

Kisha twiga akatoka vichakani, akasimama katikati ya njia, akawatazama kutoka juu. Simaloi alishika mkono wa bintiye. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Gadiel alieleza ulimi, akaeleza moyo, akaeleza kwato. Twiga aliondoka, Gadiel akaendelea.

"Kuna swali?" aliuliza mwishowe, kama alivyozoea kuwauliza wageni.

Simaloi alipata sauti. Akauliza, na shingo lote lile, huyu mnyama analalaje.

Gadiel aligeuka kumtazama, uso umemnawiri, akamwomba Jackline azime gari kabisa.