Dirisha la Chini ya Gadi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kumtafuta, maana pale karakanani tulikuwa kadhaa na kila mmoja alikuwa na sura ya kushukiwa.

Tulikuwa tunapaka rangi boti ya abiria, boti ya mbao, pana kama nyumba ya familia yenye wageni wasioondoka. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikasimamishwa juu ya mkuku wake, yaani ule uti wa mgongo wa chini, nao mkuku ukalazwa juu ya magogo. Lakini boti haisimami kwa mkuku peke yake, kama vile mlevi hasimami kwa mguu mmoja. Kila ubavu huegemezwa nguzo nene za mti, na hizo ndizo tunaziita gadi. Mguu wa gadi hukaa ardhini, kichwa chake hugusa ubavu, kisha inakazwa kwa kabari. Ziondoe, boti italala. Na boti ikitaka kulala haiulizi kama kitandani kuna mtu.

Mwenye gadi zake alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nilimbandika jina la Taratibu, likamganda kuliko rangi zangu zote. Alikuwa mtu wa kufunga kamba za viatu mpaka kivuli kikahama. Sasa, pale kichwa cha gadi kinapogusa boti, brashi haifiki. Panabaki kipande cha mbao tupu, nasi tunakiita dirisha. Madirisha hupakwa mwisho kabisa, na kanuni yake ni moja: Taratibu anachomeka gadi mpya kando, anaikaza, ndipo anang'oa ile ya zamani. Na kabla hajagusa hata kabari, anaita kwa sauti ya kuvuta, “Gadiii,” na kila aliye chini ya boti anatoka, hata kama brashi imelowa chepechepe na pua inamwasha.

Mimi nikaufanya wito huo mchezo. Watu wamezubaa baada ya chakula cha mchana, naigiza sauti ya Taratibu, “Gadiii,” kisha nakaa kutazama wanavyochomoka huko chini kama panya waliotiwa moshi. Fundi wa kuziba nyufa, ambaye sisi humwita Mluzi kwa kuwa mdomo wake haujui kutulia, aliwahi kutoka na kopo la lami limemwagikia mapajani. Alinitukana mpaka jioni, na jioni tukacheka pamoja. Lakini kadiri nilivyoita, ndivyo walivyotoka polepole. Baadaye wakawa wanatoa vichwa tu. Mwishowe hawakutoa hata vichwa. Nilidhani wamechoka na mzaha wangu. Kumbe nilichokichakaza si mzaha, ni wito wenyewe.

Mke wangu, Mama Pacha, alikuwa anapaka tumbo la boti. Tumbo lina rangi yake, nyekundu, yenye sumu ya kuzuia majani na konokono wa majini wasigandie mbao na kuzila. Kazi hiyo hufanywa chali, mgongo juu ya gunia, uso karibu na mbao, na mke wangu aliiweza kuliko sisi sote kwa sababu ni mwembamba na hana maneno mengi akiwa kazini. Maneno aliyahifadhi akanipa nyumbani.

Boti ilikuwa irudi majini kesho yake asubuhi, na rangi ile ya tumbo haipendi kukaa juani sana. Yalibaki madirisha na kipande kidogo cha tumbo. Taratibu alikuwa ameenda kutuletea chai, na nyote mnaojua mwendo wake mnaelewa kwamba chai hiyo ingefika ikiwa maji ya kunawa. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ubao nilioulaza kwenye mapipa mawili matupu, namalizia ubavu, na mbele ya macho yangu kulikuwa na dirisha dogo kama sahani. Linanitazama, nami nalitazama.

Nikajiambia: gadi moja kati ya zote hizi? Boti haitajua.

Niliteremka. Nikaita “Gadiii.” Nikasubiri kiasi cha mtu kumeza mate. Hakutoka mtu, nami nikasikia maji yanamwagika bombani nyuma ya stoo, nikasema moyoni, mke wangu huyo anaosha brashi. Nikaipiga kabari. Gadi ikatoka kirahisi kama jino la utoto. Nikapanda tena, nikachovya, nikapaka. Dirisha likazibika vizuri ajabu, mpaka nikataka mtu wa kumwonyesha.

Ndipo boti ikapumua.

Sijui nieleze vipi. Haikuwa sauti ya kuvunjika. Ilikuwa pumzi, kama ya mzee anayegeuka kitandani, na mbao zote zikaitikia kutoka gubetini mpaka shetrini, mbele mpaka nyuma. Ardhi ya upande ule ilikuwa imelainika kwa maji tuliyooshea boti. Gadi ya jirani ikateleza mguu, polepole, kama mtu aliyekanyaga sabuni na bado anajitahidi asidhalilike. Ubavu ukaanza kunijia. Niliruka, ubao ukafyatuka, nikaanguka kwa makalio. Boti ikashuka ikalalia pipa langu moja. Pipa likasema ngoo. Kisha kimya.

Na kutoka chini ya boti, sauti ya mke wangu:

“Baba Pacha, unafanya nini?”

Damu yote iliniteremkia miguuni ikabaki huko.  Nilitambaa, nikachungulia. Alikuwa katikati ya mkuku na pipa, chali vilevile, mbao zimemshukia mpaka begani. Uso ameugeuza upande. Na kipaji chake cha uso chote kilikuwa chekundu.

“Umeumia,” nikasema.

“Ni rangi.”

“Hapana, umeumia.”

“Baba Pacha, mimi ndiye niliyeipaka, naijua. Boti imenigusa. Nitoe.”

Nilitaka kumtoa. Nilinyoosha mkono, nikafikia vidole vyake tu. Upande wa kwangu ubao wangu ulikuwa umebanwa mshazari ukaziba njia. Upande wa pili kulikuwa na mkuku na magogo. Ilibaki kuteleza chali kuelekea shetrini, lakini bega lilikuwa limeshikwa. Kisha pipa likasema tena, ngo, na nikaona tumbo lake linabonyea. Bati lilikuwa linakunjika mbele ya macho yangu, taratibu, mkunjo mmoja, kisha mwingine unaanza juu yake.

Niliinyanyua ile gadi niliyoing'oa nikajaribu kuirudisha. Haikuingia. Boti ilikuwa imeshuka, na gadi ilikuwa ndefu kuliko nafasi. Nikaiegemeza, ikaanguka. Nikaiegemeza tena. 

Nikaita. “Gadi. Jamani, gadi. Njooni.”

Kutoka boti ya pili, iliyosimamishwa jirani na yetu, Mluzi akaacha kupiga mluzi akajibu, “Leo hatudanganyiki, mkubwa. Tafuta watoto wenzio.”

“Mke wangu yuko chini.”

“Na wangu yuko nyumbani, msalimie.” Akaendelea na mluzi wake.

Nimeogopa mara nyingi maishani. Nimewahi kuzama, nimewahi kufukuzwa na mbwa, nimewahi kwenda kuposa. Lakini hofu ya kusema kweli na ukasikika unachekesha, hiyo sikuwa nimekutana nayo. Nilitaka kukimbia nikamvute Mluzi kwa shati, lakini nikiondoka na pipa likaisha? Nilitaka kupiga yowe, nikaogopa hata yowe litaitikisa boti. Nikabaki nimepiga magoti kwenye tope, mkono mmoja umeshika vidole vya mke wangu, mwingine unalisukuma pipa, kana kwamba mkono wa mtu ungelisaidia kitu.

“Nichekeshe basi,” akasema mke wangu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. “Kila siku una maneno. Nasikia pipa linalia, sitaki kulisikiliza.”

Nikatafuta. Naapa nilitafuta, kama mtu anayepekua mifuko yote mbele ya kondakta. Hapakuwa na hata moja.

“Sina,” nikasema.

 Kisha vidole vyake vikanibana, nikajua sasa na yeye ameogopa kweli.

Taratibu alitokea kwenye pembe ya stoo akiwa na birika mkononi; kumbe ni yeye aliyekuwa bombani, akisuuza vikombe. Nilimwita. Sikumwita Taratibu, sikumwita mzee wa kobe. Nilisema, “Shemeji, tafadhali.” Kwa sauti ndogo tu.

Alisimama. Akaitazama boti, akalitazama pipa, akayatazama magoti yangu. Akaliweka birika chini, akalisogeza kando lisije likapigwa teke, na kwa hilo birika nilitaka kumuua. Kisha akaweka vidole viwili mdomoni akapiga mbinja moja kali. Mluzi akaja mbio hajavaa hata viatu.

“Nani yuko chini?” Taratibu akauliza.

“Dada yako.”

 Akaitazama mikono yake, ile mikono mizito ninayoitania kila siku. Akaifuta kwenye suruali. Akalala kifudifudi, akaingiza kichwa.

“Dada. Usijisogeze. Hata ukiwashwa.”

“Kaka, pipa linakunjika.”

“Nimeliona. Acha lifanye kazi yake, na sisi tufanye yetu.”

Alitutuma magogo mafupi. Akayapanga chini ya ubavu, mawili hivi, mawili vile, kama kuni za jiko, kimo kikipanda karibu na mbao. Hakuyatupa, aliyaweka. Kila moja alilitikisa kwanza kuona kama limekaa. Pipa likalia, ngo, na mkunjo wa tatu ukaanza. Nikasema, “Shemeji, haraka.” Akaniambia bila kugeuka, “Haraka ndiyo imemweka humo.” 

Magogo yalipokaribia ubavu, akachomeka kabari mbili, moja huku na moja huku, zikielekeana. Akanipa nyundo ya mti. Nilikataa. Nikasema mkono wangu hauna akili leo, mpe Mluzi.

“Mluzi ana yake. Mnagonga kwa zamu, wewe, yeye, wewe, yeye. Na gonga kidogo. Gonga kama unabisha hodi kwa mama yangu.”

Kwa mama mkwe wangu mimi hubisha kwa ncha ya kidole, naye anajua. Nikagonga hivyo. Mluzi akagonga. Nikagonga. Kabari zikaingia kiasi cha ukucha. Hakuna kilichotokea. Jasho lilinitiririka mpaka machoni na sikuthubutu kulifuta. Taratibu alikuwa amelaza kiganja kwenye mbao kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

“Tena.”

Nikagonga, Mluzi akagonga. Mbao zikanung'unika. Mke wangu akasema kitu sikukisikia, nikaacha nyundo.

“Amesema nini?”

“Amesema bega limeachia,” Taratibu akajibu. “Gonga.”

Pipa likatoa mlio wa mwisho, lakini mlio huu ulikuwa mwingine, mlio wa kitu kilichotuliwa mzigo. Boti ilikuwa imekaa juu ya magogo. Taratibu akachomeka gadi fupi, akaikaza, akaitikisa, akaikaza tena. Ndipo akasema, “Dada, sasa njoo. Kwa miguu kwanza, kuelekea nyuma. Polepole.”

Alitoka upande wa shetri akiteleza juu ya gunia lake, visigino, magoti, kiuno, mwishowe kichwa. Ovaroli ilikuwa imechanika begani, na kipaji kilikuwa chekundu kutoka nyusi mpaka kwenye nywele. Nilimshika nikamgeuza, nikamkagua kama anayenunua mbuzi, natafuta damu. Haikuwepo. Nikakaa chini. Palepale kwenye tope nikalia mbele ya Mluzi, na Mluzi, namshukuru mpaka leo, akaangalia kwingine.

Taratibu alileta birika. Chai ilikuwa bado ya moto. Akammiminia dada yake, akamshikia kikombe mpaka alipokipokea mwenyewe. Mimi hakunipa. Nilijimiminia mwenyewe, nusu ikaingia kikombeni.

Ningenyamaza hapo, kisa kingeisha vizuri. Lakini mimi nikishaona hatari imepita, mdomo hurudi kazini kabla ya akili. Na Mluzi alikuwa ameanza kutikisa kichwa, akisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na kwamba mtu angekufa leo kwa sababu ya dirisha la ukubwa wa sahani. Nikaona nijitetee.

“Lakini niliita,” nikasema. “Semeni yote, hilo msilisahau. Sikung'oa kimyakimya kama mwizi. Niliita 'gadi' kwanza.”

“Aliita,” Mluzi akakubali. “Mimi nilimsikia.”

“Na mimi nilimsikia,” akasema mke wangu.

“Basi, si mnaona? Mlinisikia nyote, hamkutoka. Taratibu naye anaita neno hilohilo, kwa sauti hiyohiyo, na kwake mnatoka. Sasa kosa ni la nani?”

Taratibu alifungua mdomo. Mke wangu akamwekea mkono kwenye goti, akamzuia. Akaweka kikombe chini, akanitazama kwa kile kipaji chake chekundu.

“Kaka yangu akishaita,” akasema, “huinama akachungulia.”