Puli ya Tatu

Gitonga alimwaga puli tatu juu ya meza ya nyama kwa Sironka, mwuza nyama choma, mbele ya marafiki zake wote, akamwambia Mutinda achague.

Ilikuwa Jumapili, Kitengela, mwaka wa 2006. Mutinda alikuwa fundi wa magari na mume wa Mugure, dadake Gitonga. Tangu gereji yake ibomolewe kando ya barabara ya Namanga, yeye na Mugure na watoto waliishi nyumba ya nyuma kwenye ploti ya Gitonga. Hawakudaiwa kodi. Mutinda alilitunza tu gari la shemeji yake, Corolla nyeupe yenye injini ya supachaja.

Supachaja husukuma hewa ndani ya injini, nayo huzungushwa na mkanda unaopita kwenye puli. Puli ikiwa ndogo, hewa inaingia kwa wingi na gari linaruka. Ya kwanza pale mezani ilikuja na injini yenyewe. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, na Mutinda aliipenda. Ya tatu ilikuwa ndogo kabisa.

Jana yake alikuwa amesema wazi: "Hiyo ya tatu itaua injini, shemeji. Petroli haitatosha hiyo hewa yote. Pistoni zitaungua."

Gitonga alikuwa amecheka tu. Sasa alikunja mikono. "Wewe ndiyo fundi. Sema. Ama unaogopa speed?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mugure alikuwa akimkatia mtoto nyama, hakuinua macho. Mutinda alifikiria ile nyumba ya nyuma, na viatu vya watoto vilivyopangwa mlangoni. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Hii ndogo."

"Mmesikia!" Gitonga akapiga meza.

Mutinda akaifunga palepale nje, akakaza mkanda, kisha Gitonga akamfungulia mlango wa abiria. "Ingia. Fundi hawezi kuogopa kazi yake."

Walipopita Isinya, Gitonga alikanyaga mafuta hadi mwisho. Kweli gari liliruka. Mutinda alibanwa kwenye kiti, mkono umeshika mlango, nyasi kavu zikipita dirishani. Kisha akasikia injini ikigonga, kama kokoto ndani ya mkebe.

"Punguza!"

"Bado!"

"Gitonga, punguza, inagonga!"

Moshi wa buluu ukajaa nyuma yao. Gari likapoteza nguvu, likajikokota hadi kando ya barabara, likazima. Kajiado ilikuwa bado mbali. Gitonga hakutukana. Alifuta jasho, akasema taratibu, "Ulichagua mwenyewe. Kila mtu alisikia."

Usiku ule Mugure aliuliza, "Kwa nini hukumkataza?"

"Nilimkataza jana."

"Leo ulisema ndogo."

Mutinda akazima taa.

Pistoni mpya zilipofika, Mutinda aliijenga injini upya, akafunga puli ya pili. Gitonga akatoka na kikombe cha chai mkononi, akainama, akaitazama.

"Toa hiyo. Weka ile ndogo."

"Hapana, shemeji."

"Umesema?"

"Sitaiweka. Ukitaka nitoke kwa nyumba yako, sema."

Gitonga akaweka kikombe chini. "Nani amesema utoke? Dadangu aende wapi?" Akacheka kidogo, akatoa simu, akamwita fundi kutoka Rongai.

Fundi yule alikuja kesho yake asubuhi. Mutinda alikuwa ndani, ameketi kitandani. Alisikia spana zikigonga, akasikia Gitonga akieleza jinsi shemeji yake alivyoua injini mara ya kwanza.

"Tuende kwetu Machakos," akamwambia Mugure.

"Na shule ya watoto?" Mugure alikuwa akikunja nguo. "Ngoja wafunge."

Huko nje injini iliwashwa. Watoto wakakimbilia dirishani kuangalia. Mutinda akawaambia watoke hapo, kisha akatega sikio, akingojea ule mlio wa kokoto ndani ya mkebe.