Tarehe kwenye Chupa ya Etha

Mirang alikuwa akisuuza vyombo vya maabara kwa asetoni pale Bwana Gil wa ofisi ya usalama alipoingia na fomu zake.

"Wewe ndiye unayetunza kemikali? Etha iliyomlipukia Junsop, chupa yake ilifunguliwa lini?"

Profesa Gwak alisimama mlangoni na kahawa yake. Ndiye aliyemwambia Mirang kabla ya ukaguzi, "Bandika lebo mpya zote, weka tarehe ya mwezi huu. Hao husoma karatasi, kemia hawaijui." Na Mirang akabandika lebo thelathini na moja huku akiimba.

Alijua alichokifanya, na hilo ndilo lililomtafuna. Etha, kimiminika cha kuyeyushia kemikali, ikikaa na hewa na mwanga, muungano wa kaboni na haidrojeni hukatika katikati, kila upande ukiondoka na elektroni yake moja. Kipande kilichobaki na elektroni isiyo na mwenzake hakitulii. Hudaka oksijeni, humnyang'anya jirani haidrojeni, na jirani naye huanza fujo ileile. Hivyo peroksaidi, kemikali inayolipuka kirahisi, hujikusanya kimyakimya, na siku ukiichemsha etha hiyo hadi ikaribie kukauka, hulipuka. Ndiyo maana tarehe huandikwa. Chupa ile ilikuwa na miaka mitatu tangu ifunguliwe. Junsop, mwanafunzi mwandamizi aliyemfundisha Mirang kazi, alisoma kwenye lebo kuwa ina siku tisa tu, akaona hakuna haja ya kuipima peroksaidi, akaichemsha.

"Ilifunguliwa mwezi huu," Mirang alisema.

"Basi aliikausha mno, tena bila kupima. Kajitakia mwenyewe. Saini hapa."

Profesa alikunywa kahawa yake. Tasnifu ya Mirang ilikuwa mezani kwake, ikisubiri idhini. Mirang akasaini.

Alasiri alimpelekea Junsop uji wa malenge hospitalini. Macho yake yalikuwa yamefungwa bandeji.

"Mama Asetoni! Nimekunusa toka kwenye lifti."

"Kula, kaka, acha maneno."

Alimlisha vijiko vitatu.

"Mirang, niambie ukweli," Junsop alisema taratibu. "Kwenye lebo niliona siku tisa. Nilisoma vibaya, eti? Kama ni kosa langu nitalikubali, yaishe. Kutojua ndiko kunakoniua."

Mlango ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na profesa wala fomu, wao wawili tu.

"Ulisoma vibaya, kaka."

"Asante," Junsop alisema, akafungua mdomo apewe kijiko kingine.