Mama Daktari wa Ghulail

Kila asubuhi, kabla Madam hajaamka na watoto hawajaanza kugombania bafu, Truphena alikuwa na dakika kumi zake mwenyewe. Alifungua mlango wa jikoni taratibu, akaingia uchochoro wa nyuma, kati ya nyumba na ukuta wa jirani, mahali ambapo mipira ya viyoyozi ilidondosha maji usiku kucha. Chini ya kila mpira palikuwa na ndoo. Hii ilikwenda kwenye sukuma wiki, ile kwenye managu, nyingine kwenye dania. Makopo kumi na manne ya samli yalikuwa yamejipanga ukutani kama watoto wa shule kwenye paredi.

Siku hiyo alikuwa amefika kopo la tano simu ilipotetemeka mfukoni mwa aproni. Alipoona jina la Ivy, ndoo ilimponyoka, maji yakamrukia hadi magotini. Mwanawe alikuwa na siku yake ya kupiga, Ijumaa jioni. Hii ilikuwa Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, na huko Amerika watu walikuwa wamelala.

"Nani ameaga dunia?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Aki Mama! Hakuna aliyeaga. Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Huko kwako. Saudia!" Ivy alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Kuna mkutano wa wanafunzi Riyadh, wa mambo ya miji na joto. Tuliomba mia nne, wamechukua thelathini. Nimo, Mama. Tiketi wanalipa wao. Nami nimeomba siku tatu za kuja Jeddah, nikae na wale anti zako wa Ijumaa, niwasikilize. Itakuwa sehemu ya kazi yangu ya mwisho chuoni."

Truphena alipiga kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo, maana dirisha la Madam lilikuwa juu yake. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Lakini simu ilipokatika, alibaki amesimama kwenye tope dogo alilolifanya, akasikia neno moja likimrudia: anti zako wa Ijumaa. Hapo moyo ukamshuka.

Maana kina anti wa Ijumaa, wenzake aliokutana nao kila siku yake ya mapumziko, walijua kwamba Ivy anasomea udaktari wa kina mama.

Hakukusudia kudanganya. Miaka mitatu nyuma, Ivy alipopata nafasi katika chuo kidogo kando ya bahari baridi, chuo chenye wanafunzi wasiofika mia nne na shahada moja tu kwa wote, alimpigia mama yake kumwambia jina la somo. Mtandao ulikuwa wa kukatika-katika. Ivy alisema "hyuman ikolojia." Truphena alisikia "...nikolojia." Ijumaa yake alipolipeleka neno hilo mtaa wa Ghulail, hapo Jeddah, kwenye chumba cha kushonea cha Zeinab, Zeinab mwenyewe, mwanamke wa Malindi ambaye hakuna jambo asilolijua, aliinua mguu kwenye cherehani akasema, "Hiyo si gainakolojia hiyo? Daktari wa kina mama! Shoga, umezaa wewe!" Wote wakashangilia. Tangu siku hiyo Truphena akawa Mama Daktari.

Mwaka mmoja baadaye Ivy alimtumia picha: amezama kwenye matope hadi mapajani, ameshika daftari, anahesabu chaza. "Daktari gani anaingia matopeni?" Truphena aliuliza, na Ivy akamweleza, pole pole, kwa muda wa saa nzima. Wanasoma viumbe na sheria, udongo na historia, jinsi watu wanavyoishi na mahali walipo. Truphena alielewa nusu, lakini nusu hiyo aliipenda. Shida ilikuwa Ijumaa. Angewaambiaje wenzake? Mwanangu anasoma jinsi watu wanavyoishi? Wangemwuliza, kwani sisi hatujui kuishi? Wangemwuliza atapata kazi gani. Basi akanyamaza wiki ile, akanyamaza na iliyofuata, na ukimya ukazoeleka kama kiatu kibovu. Miaka miwili sasa.

Sasa Ivy anakuja mwenyewe, kwa miguu yake. Aibu ya kuumbuliwa mbele ya wenzake Truphena angeivumilia, amepitia mengi. Asichoweza kukivumilia ni Ivy kuketi katika chumba kile na kudhani kwamba mama yake ameona haya juu ya masomo yake.

"Nitawaambia Ijumaa hii," alijiapiza.

Ijumaa ilipofika alikwenda, akasema tu kwamba Ivy anakuja, na chumba kikalipuka. Zeinab alizima cherehani kabisa, jambo ambalo hulifanya adhana ikilia tu.

"Daktari aja kwetu! Na nani leo atasema Ghulail si mahali?"

"Mama Daktari," alisema Kemunto, mwanamke wa Kisii aliyefanya kazi nyumba mbili kutoka kwake huko mtaa wa Aziziya, na ambaye ndiye aliyemletea zile mbegu za managu zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, "mwambie mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Hili tumbo langu limenitesa."

Truphena alifungua kinywa. Akamwona Kemunto amejishika ubavuni, uso umejaa tumaini. Akakifunga.

Bahati nyingine ilikuja bila kuitwa. Familia ya Madam ilikuwa na mpango wa kwenda Riyadh wiki hiyo hiyo ya mkutano kwa bibi wa watoto, na Madam aliposikia habari alimtazama Truphena kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Binti yako? Atazungumza chuo kikuu?" Kisha akapiga makofi. "Halas, basi, tutakwenda wote. Nitakupeleka mwenyewe."

Riyadh, usiku wa kwanza, Truphena alitega ndoo chini ya mpira wa kiyoyozi nyuma ya nyumba ya bibi, kwa mazoea tu. Asubuhi aliichungulia. Maji yalikuwa yamefunika kitako cha ndoo tu. Aliigeuza, akaigonga, akaangalia kama imetoboka. Haikutoboka. Alilamba midomo yake, ikakauka tena papo hapo kama biskuti, na hapo akaelewa. Alimpigia Ivy, aliyekuwa amefika hoteli ya wanafunzi usiku huo.

"Ivy, yale maji ya viyoyozi ya kwenye hotuba yako, unataka kuwaambia watu wa huku nao watege ndoo?"

"Eeh, ndiyo mwisho wa hotuba yangu. Kwa nini?"

"Usiseme. Watakucheka. Jeddah hewa ina bahari ndani yake, kiyoyozi kinaikamua kama nguo. Hewa ya huku haina cha kukamuliwa. Nimetega usiku mzima nikapata kikombe. Mafi moya, hakuna maji."

Upande wa pili ulisikika mlio wa karatasi. "Mama, kikombe kimoja? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Ngoja niandike." Aliandika. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Walimu wangu watatu wameisoma hii hotuba. Hakuna aliyeliona hilo."

Kesho yake, ukumbini, Truphena aliketi safu ya nyuma na Madam ubavuni. Alipomwona mwanawe akipanda jukwaani, mrefu kuliko alivyomwacha kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, nywele amezisuka mistari, alishika mkoba wake kwa nguvu kana kwamba ndio utakaoanguka. Ivy alizungumza Kiingereza cha utulivu. Nyuma yake ikatokea picha kubwa kama ukuta: makopo kumi na manne ya samli, ndoo, mipira inayoning'inia.

Madam alimpiga kiwiko. "Ile si nyumba yangu?"

"Ni nyuma yake, Madam."

"Sijawahi kufika nyuma yake," alisema Madam, kwa mshangao wa kweli.

Ivy alieleza ndoo ngapi kwa usiku mmoja wa Agosti huko Jeddah, na kikombe kimoja tu Riyadh, na kwa nini ushauri wa mji mmoja ukihamishiwa mwingine bila kuuliza wanaoishi hapo unaweza kuwa upuuzi. "Hili la Riyadh," alisema, "sikulijua mpaka jana. Nimefundishwa na mtafiti aliyeanza kazi hii kabla yangu. Anaitwa Truphena, anafanya kazi za nyumbani Jeddah, naye ni mama yangu." Akanyoosha mkono kuelekea safu ya nyuma.

Vichwa vyote viligeuka. Makofi yakapigwa. Truphena hakujua aangalie wapi. Aliangalia viatu vyake, na machozi yakadondokea hapo hapo. Fahari ilimjaa kifuani. Lakini chini ya fahari kulikuwa na mwiba. Mtoto ametaja jina la mama yake mbele ya ukumbi mzima wa wageni. Yeye ameshindwa kutaja somo la mtoto mbele ya wanawake kumi katika chumba cha kushonea.

Ijumaa iliyofuata walikuwa Ghulail. Zeinab alikuwa amepika biriani, amesogeza marobota ya vitambaa, ametandika mkeka mpya. Ivy alikumbatiwa mpaka miwani ikapinda. Aliketi mkekani na daftari lake mapajani, akitabasamu kwa haya, naye Truphena akakaa karibu na mlango, sahani yake haijaguswa.

"Tuanze kabla sijazeeka," alisema Kemunto. Alitoa bahasha kubwa kwenye mkoba, akachomoa picha nyeusi ya hospitali, akamwekea Ivy mikononi. "Daktari wetu, niangalizie hapa. Waliniambia kwa Kiarabu, nikaitikia tu. Wewe niambie kwa lugha yangu."

Ivy aliitazama picha. Akamtazama Kemunto. Kisha, pole pole, akamgeukia mama yake, na Truphena akaona mwanawe anaelewa: jina la Mama Daktari lililomlaki mlangoni, biriani, mkeka mpya, yote. Hakukasirika. Ilikuwa afadhali angekasirika. Uso wake ulilainika, ule ulaini wa mtu anayetaka kumfunika mwenzake shuka, akamgeukia tena Kemunto.

"Anti," alianza, "unajua, mimi bado sijamaliza masomo, kwa hiyo siwezi..."

Anadanganya kwa ajili yangu, Truphena aliwaza. Huyu ambaye hajawahi kusema uongo hata wa kulamba sukari.

"Ivy, acha," alisema, akasimama. "Kemunto, rudisha hiyo picha kwenye bahasha. Jumapili nitamwomba Madam ruhusa, twende wote kwa daktari mmoja Mkenya ninayemjua, akueleze kwa Kiswahili neno kwa neno. Huyu hawezi. Huyu si daktari. Hajawahi kuwa."

Kijiko cha Zeinab kilisimama hewani. "Ati nini?"

"Tulisikia vibaya, Zeinab. Ni ikolojia, si gainakolojia. Nimelijua hilo miaka miwili, nikanyamaza."

"Miaka miwili!" Zeinab aliweka kijiko chini. "Miaka miwili nami nawaambia Ghulail nzima! Mpaka yule muuza samaki hunipunguzia bei kwa ajili ya daktari wetu! Sasa basi, yeye ni nani? Asoma nini?"

Sauti ya Truphena ilitoka yenyewe, na ilipotoka haikutafuta maneno.

"Anatusoma sisi. Kemunto alitoka na mbegu Kisii, tukaotesha managu kwa maji ya kiyoyozi katika nchi ambayo mvua ni habari ya gazetini. Wewe vipande vya vitambaa huvitupi, unajazia mito. Huyu anauliza tumejuaje, na mahali hapa panatufanyia nini, nasi tunapafanyia nini. Kisha anakwenda kuwaambia wenye vyeti, nao wanaandika. Nimewaona wakiandika kwa macho yangu."

Kemunto alikuwa ameishika bahasha yake kifuani, akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe jambo siku nyingi.

Truphena alimgeukia mwanawe, ambaye sasa alikuwa amevua miwani.

"Nisamehe, mwanangu. Sikuona haya juu yako hata siku moja. Nilikosa maneno, nikaazima ya udaktari. Hicho unachokisoma ndicho nilichokuwa nataka usome tangu ukiwa tumboni. Ni vile tu sikujua kwamba kina jina."