Kaseti Moja, Waamuzi Wawili

Kwa mihula minne, katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Homa Bay, hakuna mvulana aliyethubutu kupenda wimbo wowote kabla Levis hajaupitisha. Maoni yake yalibandikwa kila Ijumaa kwenye gazeti la ukutani la Chama cha Kiswahili, nayo yalisomwa kwa unyenyekevu uliostahili. Aliandika kwamba rege ni muziki wa watu wasio na haraka ya kufika popote, na kwamba waimbaji wa country humlilia farasi kuliko mke. Kidato cha tatu kizima kikakubali, amani ikadumu.

Ndipo akaja Abdihakim kutoka Migori, kijana mpole wa miwani ambaye mama yake aliuza vitambaa sokoni. Wiki ya pili tu akabandika maoni yake kuhusu kaseti ya taarabu: "Huu ni ugomvi uliovaa nguo za sikukuu."

Wavulana waliirudia sentensi hiyo hadi kwenye foleni ya maharagwe. Levis aliisoma mara tano akitafuta kosa. Hakulipata. Siku hiyo aliacha maharagwe yake kwenye sahani, jambo lisilowahi kutokea tangu shule ijengwe.

Mwalimu Mong'ina, mlezi wa chama, akasema ubao hauwatoshi wachambuzi wawili wa muziki. Akawapa kaseti moja ya benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ya bendi iitwayo Macalder Dhahabu Jazz. Kila mmoja angeandika maoni yake, na atakayemshinda mwenzake angebaki na nafasi hiyo mpaka mwisho wa mwaka.

Jumamosi mchana wakakaa bwenini na redio. Utepe ulikuwa umelegea, kwa hiyo Levis akaukaza kwa kalamu, taratibu, huku akitunga uovu. Mwimbaji aliimba Kidholuo. Levis alikuwa Mkuria wa Isebania, na Kidholuo chake kilitosha kununulia mandazi tu. Lakini Msomali huyu wa vitambaa, aliwaza, hata hicho atakitoa wapi?

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya matanga, "huu wimbo unaumiza. Mbuzi wake alizama ziwani."

Abdihakim akavua miwani. "Mbuzi?"

"Jike. Tena mwenye mimba."

"Wallahi?"

"Si unasikia gitaa linavyolia? Hapo anatapatapa majini."

"Maskini. Na alikuwa anaitwa nani?"

"Hajamtaja bado."

Gitaa likashika mbio kuelekea mwisho wa wimbo, na likawa tamu hivi kwamba Levis hakuvumilia kumwona mwenzake akitikisa kichwa kwa raha. Akazima redio. Imetosha, akasema, mchambuzi wa kweli hahitaji zaidi. Usiku ule akaandika ukurasa mzima, akihitimisha: "Hatimaye tumepata bendi ya benga isiyomsifu tajiri yeyote."

Ijumaa karatasi zote mbili zikawa ukutani. Omwenga, kiranja wa bweni, akasoma ya Levis kwa sauti, akageuka. "Wewe! Benga isiyotaja wafadhili? Majina si huja baada ya gitaa kukimbia? Ulizima redio?"

Levis alikuwa tayari anasoma karatasi ya pili.

"Nimezaliwa Migori," Abdihakim alikuwa ameandika, "na Kidholuo nilikijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Wimbo huu ni wa mapenzi, na hauna mbuzi. Kwa dakika nne gitaa lake linanifanya nimsamehe kila mtu. Kisha mwimbaji anawataja wafadhili kumi na saba, akiwemo mama yangu, Kultum, aliyeipa bendi kitambaa cha suruali. Mama nampenda sana. Wimbo ungeisha kabla yake."

Kicheko kikalipuka. Mwalimu Mong'ina akabandua karatasi ya Levis, akamwambia kwa upole kwamba mpira wa wavu nao unahitaji mwandishi.

Wenzake walipotawanyika, Levis alibaki palepale. Wimbo ungeisha kabla yake. Angetoa sanduku lake la bati, kufuli na vyote vilivyomo, ili maneno hayo yawe yametoka kwake. Abdihakim akasimama kando yake.

"Mzee, wewe ndiye mkongwe wa kazi hii. Niambie ukweli, yangu umeionaje?"

Hakuwa na kejeli usoni. Alitaka kujua kweli, na hilo ndilo lililomchoma Levis zaidi.

"Si mbaya," Levis akasema, akaenda kutafuta uwanja wa wavu uko wapi.