Kengele Apita Sebuleni

Kahawa ya kijiji cha Hasamba iliungua tena Jumanne, na meneja Barnaba akamwambia Felista, mwendesha mtambo wa kukaangia pale kiwandani Mlowo, kuwa huo ni uzembe wake. Ikiungua tena, arudi kwao. Felista alilia waziwazi. Ilimuuma, kwa sababu mtambo ule huzimwa na kompyuta.

Fundi wa kompyuta, Tupokigwe, alikuja na bisibisi. Alieleza kuwa ndani ya kompyuta kubwa, yaani mwenyeji, imepangishwa mashine pepe, yaani mgeni, na mgeni ndiye anayezima moto kengele ya saa ikimfikia. Mfumo wenyewe ulinunuliwa kwa sifa ya kutochelewa. Akafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa na sebule. Mama mmoja wa urefu wa kijiko, ndiye mwenyeji mwenyewe, kajifunga kitenge, alikuwa akimpokea Kengele, bwana mwembamba aliyekuja mbio kutoka kwenye saa.

"Kaa kwanza. Huko kwema? Mahindi je? Watoto?"

Kengele alijibu yote, akanywa chai, akashukuru. Ndipo mama akaenda chumba cha ndani kumwambia mgeni, aliyekaa na kidole kwenye swichi tangu asubuhi. Kahawa ilikuwa imeshaungua, moshi umejaa kiwandani.

"Ndiko tunakochelewa," alisema Tupokigwe. "Mama, shikamoo. Huyu aende moja kwa moja kwa mgeni."

"Marahaba. Apite sebuleni kwangu kama mbuzi? Watu watasemaje?"

"Kahawa inaungua, mama. Chai mpe akirudi."

Mama alikubali kwa shingo upande. Tupokigwe akatoboa mlango wa nyuma wa chumba cha mgeni, mkubwa kama kiberiti. Kengele akapita bila hata hodi, mgeni akabonyeza, na kahawa iliyofuata ikatoka na rangi safi kabisa. Harufu ilifika barabara kuu, na madereva wa malori ya Tunduma wakapunguza mwendo.

Felista akaenda kumweleza meneja kuwa kosa halikuwa lake. Katibu muhtasi wa meneja, Jenista, alimpokea vizuri mno.

"Karibu, dada, kaa. Nyumbani wazima? Mvua je? Chai?"

Felista alijibu yote, akanywa, akashukuru. Akaongezewa. Ng'ambo ya mlango Barnaba alikuwa akinywa ile kahawa mpya na kumsifia shemeji yake, aliyepewa kazi ya Felista mara tu moshi ulipoonekana.

Tupokigwe alipita nje na bisibisi yake, akaugonga ukuta wa nyuma wa ofisi. Ulikuwa wa zege.